Kusomea filamu nje ya nchi: tumsikilize kwanza anayekwenda chuo cha ufundi

Bagamoyo, kijana akisema anakwenda nje kusomea udaktari, ukoo mzima unachanga. Akisema anakwenda kusomea filamu, tena chuo cha ufundi cha miaka miwili, watu hutazamana. Hoja za kumzuia zina uzito na baadhi nitazikubali huko mbele. Lakini naona kijana huyu anahukumiwa kabla hajaulizwa anakwenda kujifunza nini hasa.

Wanaopinga huanza na chuo kilichopo mlangoni. Chuo cha Sanaa kilianza 1981, mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na mpaka leo wageni wanapanda ndege kuja kujifunza ngoma hapa hapa. Iweje mtoto wa Dunda au Magomeni akatafute sanaa ugenini? Kisha wanataja pesa, na hapo nitarudi. Mwisho wanasema siku hizi kila kitu kipo kwenye simu: vijana wanaopiga picha harusi na video za muziki hawajakanyaga darasa lolote, na wanakula.

Wanakula, kweli. Ila tuangalie kazi yenyewe.

Chukua tukio jepesi. Mama na mwanawe wanazungumza ufukweni karibu na Forodha ya zamani, jioni, boti zinarudi. Maiki imefungwa juu ya kamera, hatua tano kutoka kwa waigizaji. Itanasa upepo wa kusi, injini ya boti, bodaboda na mnada wa samaki, na kwa mbali sauti ya mama. Mhariri akiipandisha sauti ya mama, injini nayo inapanda. Akikata tamaa anamwaga muziki juu ya mazungumzo. Mtazamaji wa filamu zetu anaijua hali hiyo: picha inang'aa, nyumba ni nzuri, mwigizaji analia machozi ya kweli, na wewe huelewi amesema nini.

Aliyesomea sauti anafika pale kabla ya kamera. Anasimama, anasikiliza. Anauliza mnada unaisha saa ngapi na adhana ya magharibi inaingia saa ngapi, ili mwongozaji apange ratiba. Maiki anaivika manyoya kukata upepo, kisha anaiinua kwa fimbo ndefu juu ya vichwa vya waigizaji, karibu kadiri picha inavyoruhusu, kwa sababu umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hushuka hadi robo. Sauti anainasa kwenye kinasa chake pembeni ya kamera, na ubao unapigwa mwanzo wa kila tukio ili mhariri aoanishe mlio na picha. Mazungumzo yakiisha anawaomba watu wote wanyamaze nusu dakika, anase ukimya wa pale pale, maana mhariri atauhitaji kuzibia mapengo. Kesho yake wakihamia ndani ya nyumba za mawe za India Street, shida inageuka: upepo haupo, lakini kuta zinarudisha mwangwi, na anaanza kutafuta mablanketi ya kutundika.

Maelezo hayo yote yapo mtandaoni. Lakini kushika fimbo dakika kumi mikono ikiwa juu, bila kivuli chake kuingia kwenye picha, hakujifunzwi kwa kutazama simu. Kunajifunzwa kwa kukosea mbele ya mwalimu, mara nyingi, kwa vifaa ambavyo si vyako. Chuo cha ufundi kizuri kipo kwa ajili hiyo. Leo unapangiwa sauti, kesho taa, keshokutwa unakaa na karatasi unaandika kikombe kilikuwa mkono gani ili tukio lijalo lisipishane na hili. Kwetu mtu mmoja ndiye mwongozaji, mpiga picha na mhariri, na sauti haina mwenyewe. Waigizaji Bagamoyo tunao wa kutosha, na TaSUBa inaendelea kuwatoa. Wanaokosekana ni mafundi wa nyuma ya kamera, wale ambao jina lao hakuna anayelisoma.

Nalirudia suala la sauti kwa sababu ndilo linalotunyima kazi. Magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa Bagamoyo huvutia wapiga picha wa kigeni, lakini wakija, mara nyingi mafundi wao huja nao. Vijana wetu wanabeba masanduku, wanatafuta gari, wanatafsiri. Ujira upo, lakini nafasi za juu zaidi wanazishika wengine kwenye mji wetu wenyewe.

Kuna jibu ambalo wazee hulitoa na watu hunyamaza: mbona mwanamuziki Hukwe Zawose hakwenda chuo cha ng'ambo? Zeze na ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, alijifunza kwa Wagogo wenzake, akaishi hapa Bagamoyo mpaka alipofariki 2003, na dunia ikamfuata. Ni kweli kabisa, na naupenda mfano huo. Ila tuumalizie. Sauti yake ilifika mbali kwa sababu pia ilirekodiwa vizuri, na lebo kama Real World ya Uingereza ndizo zilizomrekodi na kuzisambaza kazi zake. Sanaa ilikuwa yetu. Ufundi wa kuinasa ulikuwa wa wengine, na kanda zilibaki kwao. Sioni mfano unaomtetea zaidi kijana anayetaka kwenda kusomea sauti.

Uandishi wa habari siutetei kwa nguvu hiyo. Vyuo vya Uingereza vinavyofuata mtaala wa NCTJ, baraza lao la mafunzo ya waandishi wa habari, vinasifika kwa kufundisha hati mkato, kwa lengo la maneno 100 kwa dakika, pamoja na sheria ya habari na namna ya kuripoti mahakama. Hati mkato utarudi nayo. Sheria utakayokariri ni ya kwao. Mwandishi wa Bagamoyo anahitaji kujua baraza la madiwani linavyoendeshwa, mahakama ya mwanzo inavyofanya kazi, na nyaraka gani aombe akifuatilia fidia za ardhi ya mradi wa bandari. Hayo hayafundishwi Uingereza. Juu yake kuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inayotaka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake za 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Anayerudi na cheti cha mwaka mmoja, hata kiwe na muhuri wa kupendeza namna gani, hafikii kiwango hicho.

Sasa pesa, na hapa wanaopinga wana haki. Kanada inatajwa sana kwa vyuo vyake vya ufundi. Tangu Januari 2024 mwombaji wa kibali cha masomo alitakiwa kuonyesha dola za Kanada 20,635 za kujikimu mwaka mmoja, badala ya 10,000 za awali, na kiasi hicho kimepanda tena baadaye. Ni zaidi ya shilingi milioni 35, ada na nauli bado. Familia itauza kiwanja cha Zinga, itauza mashua na injini yake, na huenda isifike. Zamani mtu alijipa moyo kwamba akimaliza atabaki kufanya kazi na kurudisha fedha. Kwa walioomba kibali cha masomo tangu Novemba 1, 2024, wahitimu wa programu za kawaida za vyuo hivyo hupewa kibali cha kazi ikiwa tu fani yao ipo kwenye orodha ya serikali, na filamu na uandishi wa habari hazimo. Wakala anayekusanya fedha za wazazi bila kuwaambia hilo anawadhulumu.

Lakini nje ya nchi si Kanada peke yake. Nairobi kuna Kenya Institute of Mass Communication, kilichoanza 1961 kwa kufundisha mafundi wa utangazaji, na hadi leo uzalishaji wa filamu unakaa jirani na fani ya umeme wa studio. Kutoka hapa ni basi: Msata, Segera, Moshi, Arusha, Namanga, bila viza, na mtaani utaelewana na watu kwa Kiswahili. Kwa kijana aliyemaliza TaSUBa na anayejua anataka sauti au taa, ningempa baraka bila kusita. Kabla ya kulipa, apeleke muhtasari wa kozi NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ambao ndio wanaotambua tuzo za ngazi hii kutoka nje, na akiulize chuo swali moja bila aibu: kila mwanafunzi anashika vifaa saa ngapi kwa wiki?

Na familia isimalizie kila kitu kwenye ada. Mhitimu anayerudi mikono mitupu, bila maiki wala kinasa, miezi sita baadaye atakuwa anapiga picha harusi kwa kamera ya kuazima. Ikiwa zimepatikana milioni kumi, saba ziende chuoni, tatu zikae benki zikisubiri maiki, kinasa sauti, fimbo na betri za akiba.