Habari ya mchanga, kutoka kwa mhusika mwenyewe

Naandika haraka kabla ile video haijafika kazini. Najua wengine mmeshaiona, ile iliyoandikwa "Sahara ya Moshono". Aliyerekodi ni rafiki yangu, anajijua, na ile ngazi aliyoniazima hairudi ng'o.

Ua wangu ni mita 8 kwa 5. Masika haya tope limewavua wageni viatu, nikaona basi, tuweke pevingi. Chini ya pevingi unatandaza mchanga, sentimita 5 hivi, ili tofali zilale vizuri. Fundi akaja, akatembea kona hadi kona, akatema makapi ya muwa, akasema, "Canter moja, bosi. Na isijae sana."

Nikamhurumia. Mtu anapima kwa macho wakati mimi nina simu! Nikamsogeza karibu nimfundishe. "Nane mara tano, arobaini. Zidisha kwa kina. Sentimita tano ni nukta tano. Mita za ujazo ishirini."

"Ishirini?"

"Hesabu haidanganyi, fundi."

(Hilo "haidanganyi" ndilo salamu yangu kijiweni sasa hivi. Nikipita tu, naitikiwa.)

Tipa linabeba mita za ujazo 5, kwa hiyo nikaagiza tripu nne. La kwanza likamwaga, kichuguu kikafika dirishani. Nikajipa moyo kwamba mchanga ukitandazwa hupungua. La pili, mbwa akahamia kwa jirani. Wakati la tatu linamwaga, fundi aligeuza ndoo yake, akaikalia, akamenya muwa mwingine. Hakusema neno. Nyie, fundi akinyamaza hivyo, ogopeni.

La nne likarudi kinyumenyume, likaishia getini kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi. Bodi ikaanza kupanda. Ndipo mwanangu wa darasa la sita, aliyekuwa barazani na daftari lake, akauliza kwa ile sauti ya upole inayoua, "Baba, si mita moja ina sentimita mia?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa tano si ni nukta sifuri tano?"

Bodi inapanda. Mimi kichwani nazidisha upya. Arobaini mara nukta sifuri tano. Mbili. MBILI! Nilikuwa nimeagiza mchanga wa kufika magotini, ua mzima. Nikainua mkono kumzuia dereva. Dereva akanipungia. Nikainua wa pili, akapiga honi, pii, kwa furaha kabisa. Kikatangulia kijiwe kimoja, kikabiringika taratibu hadi kwenye kidole changu cha mguu, kikatulia hapo. Halafu mchanga wenyewe ukaja, mwembamba kwanza kama chumvi, kisha wote kwa pamoja, fuuu, ukafunika geti ambalo, kwa akili za aliyelichomea (nililichora mimi), linafunguka kwa ndani. Nami nikawa nimezama hadi mapajani, mikono bado iko juu.

Vumbi linatulia, nasikia bodaboda inazima. Mama mkwe. Kutoka Machame, bila taarifa, na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo mama," nikasema, meno yakisaga mchanga.

"Marahaba, mwanangu." Akautazama mlima, akanitazama mimi. "Mnapandisha ghorofa?"

Fundi akakohoa. Alikuwa anacheka, msimtetee.

Mengine ni mafupi. Mama mkwe alivushwa na fundi, ndizi zikapitia dirishani, geti halikufungika siku mbili na mimi nikalala nje na koleo. Bei sitaji, mke wangu yumo humu na zile zilikuwa hela za vikoba. Pevingi imelala vizuri, ametumia Canter moja. Isiyojaa sana.

Zimebaki mita za ujazo 18, sawa na toroli kama 300 hivi. Hiyo hesabu kaifanya mtoto, iaminini. Walioko Moshono, Kijenge hadi Njiro, njooni na usafiri wenu, bei ya maelewano. Mimi napokea hela tu. Anayepima ni fundi.