Shemeji wa Tanga na mechi ya nyumbani ya kilomita 300

Truro iko Cornwall, kule pembeni kabisa kusini magharibi mwa Uingereza, ukizidisha mguu kidogo unaingia baharini. Mi niko huku natunza wazee, shifti za usiku, na timu ya mji inaitwa Truro City. Ni timu ya "nje ya ligi", maana wenzetu hawa wakisema ligi wanamaanisha madaraja manne ya juu tu yenye timu 92, waliobaki wote hata wawe na kocha na mishahara wanaitwa nje ya ligi, na hao walio nje ya ligi nao wana ligi yao, usiniulize.

Msimu wa 2023/24 walikuwa ndo wamepanda National League South, daraja la sita. Hiyo kusini yao inaanzia Cornwall inaenda kuishia Dover kwenye meli za Ufaransa, zaidi ya kilomita 500 kwenda tu. Sawa, hizo ni za ugenini. Kizaazaa kilikuwa nyumbani. Uwanja wa zamani wa Treyew Road ulishauzwa ukavunjwa, mpya haujaisha, timu ikawa inahama na mabegi yake miaka na miaka, mara Torquay, mara Plymouth, mara Taunton, mpaka mwanzoni mwa 2024 nyumbani kukawa Gloucester. Toka Truro ni kilomita 300 hivi.

Sasa hapo ndo akaja shemeji, kaka wa mke wangu, kutoka Tanga. Coastal Union damu, ukimgusa tu anaanza na ubingwa wa 1988. Nikamwambia Jumamosi twende mpira shem, mechi ya nyumbani. Akavaa suruali yake nyeupe ya Ijumaa na makubazi na soksi, maana "nyumbani si hapo tu".

Tukapanda gari ya babu mmoja jirani yetu, shabiki wa siku nyingi, alikuwepo Wembley 2007 Truro walipobeba FA Vase, kombe la timu ndogo za nje ya ligi, na kila safari lazima akusimulie upya. Nusu saa ya kwanza shemeji katulia. Tulipoiacha Cornwall tukaingia Devon akaniangalia. Somerset akauliza kwa upole, shem, huyu mzee anaijua njia kweli? Nikamjibu tunaenda nyumbani. Akasema nyumbani kwa nani.

Tunafika Gloucester mvua imenyesha usiku kucha, refa yuko katikati ya uwanja na mwavuli anakagua. Wanavyokagua huku refa anaachia mpira kutoka juu aone kama unadunda. Akauachia. Ukaingia kwenye maji ukatulia humohumo kama andazi kwenye chai. Mimi na babu tukaangaliana, tumezoea, msimu ule viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, vilikuwa vimerundikana hatari. Refa akasema atakagua tena baada ya muda kidogo.

Shemeji hakuelewa hata kidogo. "Maji haya? Uwanjani kwetu Mkwakwani haya si tunanawia miguu!" Kabla sijamshika kashapita kwenye kageti kalikokuwa wazi, kawakuta wale wanaojitolea uwanjani wanasukuma maji kwa mafagio, kachukua fagio na yeye. Nao wakadhani ni mwenzao, mmoja akampa fagio kubwa zaidi la kusukumia maji. Jamaa anasukuma, anatoa maelekezo kwa Kiswahili, anawaambia anzeni golini anzeni golini, na wanamsikiliza! Babu kule jukwaani anapiga makofi.

Akanogewa. Akalisukuma lile fagio kwa nguvu zote, kubazi likateleza, shemeji akakaa. Akakaa vizuri kabisa, katikati ya kidimbwi, suruali ya Ijumaa na vyote vyake. Refa aliyekuwa anarudi kukagua mara ya pili alisimama akamwangalia yeye, akaangalia maji yalipomfikia, akaahirisha mechi. Hakuhitaji hata kuudundisha ule mpira.

Kurudi sasa. Suruali chepechepe, baridi ya mwezi wa pili, nguo za kubadili hatuna. Babu akafungua buti akatoa bendera ya Cornwall, ile nyeusi yenye msalaba mweupe, kubwa ya kufunika jeneza. Shemeji mtoto wa Tanga akaifunga msuli safi, fundo limekaa, akaingia garini.

Tukasimama njiani kwenye mgahawa wa barabara kuu kwa ajili ya choo na chai. Nilimuomba asubiri garini, akakataa, mkojo haungoji. Anaingia mle ndani na msuli wake, makubazi, soksi zimelowa, kuna kundi la vijana nadhani wa raga wamerudi zao mechi, wakaiona bendera. Wakapiga kelele "KERNOW!", ndo Cornwall hiyo kwa lugha yao ya asili. Shemeji akadhani ni salamu, akanyoosha mkono juu akajibu "KERNOW!" kwa sauti ya muadhini. Mle ndani kukalipuka. Wakamnunulia chai, wakapiga naye picha, bibi mmoja akamshika mkono akamuuliza we unatokea upande gani wa Cornwall. Akamjibu, "Tanga." Bibi akatikisa kichwa akasema ahaa, anapafahamu, kuzuri sana kiangazi.

Truro ile hawakushuka. Agosti 2024 wakaingia uwanja wao mpya mjini hapahapa, saa hizi naenda kwa miguu. Na Machi 2025 Coastal Union wakiwa wenyeji wa Simba, Mkwakwani haitumiki, mechi ya nyumbani ikapigwa Arusha, wakala tatu bila. Tanga Arusha ni zaidi ya kilomita 400. Nikamtumia shemeji meseji: shem, vipi, nyumbani kwa nani?

Tiki mbili za bluu. Hakunijibu mpaka Idi.