Kumsimamisha kulungu kwa sauti: upinde gani, umbali gani

Jumapili iliyopita hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, tulikuwa watatu tumeinamia simu moja: mimi, kijana wa jirani, na mjomba wangu, aliyewinda kwa upinde njia ya Kasenga kabla pori halijaanza kuliwa na makala, yaani makaa ya miti. Kwenye video, Mmarekani amekaa juu ya mti, upinde umeshavutwa. Chini kulungu dume anapita zake, hana haraka. Mwindaji anatoa sauti fupi ya puani, "meee," na mnyama anaganda hapo hapo, mguu mmoja bado uko hewani, masikio yote mawili yamegeukia mti. Mshale unatoka. Kijana akapiga makofi. Mjomba akaguna: "Nyama yenye ilishakusikia haiko yako tena, mwana."

Nikisema kulungu hapa nina maana ya wale wa Marekani wenye mkia mweupe, ambao pembe zao hudondoka kila mwaka na kuota upya. Wa kwetu, mbawala na nsya (swala wadogo wa porini), hufa na pembe zao.

Mmarekani ana hesabu upande wake. Mshale wa upinde wa kisasa huenda kama mita 85 kwa sekunde, kwa hiyo mita 25 huzimaliza kwa takriban sekunde 0.3. Kulungu anayetembea kawaida, tuseme mita 1.3 kwa sekunde, atakuwa amesogea karibu sentimita 40 kabla mshale haujafika. Mahali pa moyo na mapafu pana upana wa sahani, sentimita 20 au 25 hivi. Ukilenga katikati ya sahani, mshale utatua tumboni. Mnyama aliyepigwa tumbo hafi upesi, na wawindaji wa kule huambiana wangoje saa sita, nane au zaidi kabla ya kufuata damu. Wao huwinda wakati wa baridi. Jaribu kungoja saa nane kwenye joto letu la Oktoba, uone utakachorudi nacho nyumbani. Kwa hiyo anayesema "msimamishe kwanza" anataka mnyama afe upesi, na hilo siwezi kulibeza.

Lakini mjomba naye hakuguna bure. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, mara nne ya mwendo wa mshale. Mlio wa upote ukiachiwa humfikia mnyama wa mita 25 kwa sekunde 0.07, naye anabaki na zaidi ya sekunde 0.2 za kujiokoa. Kulungu akishtuka hupiga magoti kidogo kwanza, kifua kikashuka, ndipo aruke. Mshale uliolengwa vizuri kabisa unapita juu ya mgongo. Aliyekuwa akitembea bila wasiwasi huenda asijali mlio ule. Aliyetoka kusikia "meee" sekunde moja iliyopita amekwisha kukaza misuli, anangoja tu sababu ya pili. Tuliirudisha ile video polepole, mara tatu. Kati ya mshale kutoka na mshale kufika, mgongo ulishuka karibu upana wa kiganja, na mshale ukaingia juu ya pale ulipolengwa. Mmarekani alipata nyama, lakini alipata kwa bahati kidogo, na makofi ya kijana yalipungua.

Mimi nauona ugomvi huu kuwa wa umbali. Chini ya mita 15 mnyama akitembea taratibu, ningenyamaza. Mara nyingi atasimama mwenyewe kunusa au kung'ata jani. Kati ya 15 na 25 sauti inalipa, ila iwe ndogo kwanza, iongezwe tu kama hakusikia, itolewe hatua moja au mbili kabla ya uwazi ili asimame ndani ya uwazi na si nyuma ya mti, na mwindaji alenge chini kidogo. Zaidi ya 30, sauti inampa mnyama tahadhari na muda wa kuitumia. Hapo wa kusimamishwa ni mwindaji. Na aliyekwisha kuingiwa na wasiwasi, mkia juu, haitwi hata akiwa karibu, utamfukuza.

Kuna jambo ambalo video haionyeshi, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Upinde wa yule mtu ni wa kapi, aina iliyobuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen na kupewa hataza mwaka 1969. Ukishauvuta mpaka mwisho, kapi zinabeba sehemu kubwa ya uzito: upinde wa kilo 32 wenye punguzo la asilimia 80 unamwachia mtu kilo sita na kitu mkononi. Anaweza kuushikilia, akangoja, ndipo aite. Upinde wa mjomba ni mti na upote basi. Uzito wote unabaki mkononi. Unavutwa na kuachiwa kwa pumzi moja. Angetaka kuita, ingebidi aite kwanza kisha ainue mkono mbele ya macho yanayomtazama. Halafu mshale wake, tukiupa mita 50 kwa sekunde, unahitaji sekunde 0.4 kwa mita 20 tu. Kwa upinde ule, alichosema ni kweli tupu.

Na si kwamba Wakongo hatujui kutumia sauti. Wawindaji wa misitu ya kaskazini hubana pua na kutoa mlio wa kilio, na mboloko, swala mdogo wa msituni, hujitokeza kuangalia kuna nini. Ila sauti ile humleta mnyama aliyejificha. Ya Mmarekani humkatiza aliye njiani. Kijana alitaka kuzifanya moja. Mjomba alikataa kwa kidole.

Kijana akamuuliza, sasa wewe ulimsimamishaje anayetembea? Mjomba akachora duara vumbini kwa kijiti. Huu ni mti wa masuku, akasema, matunda yameanguka huku, upepo unatoka kule. Akachora alama ndogo, hatua kama kumi kutoka kwenye duara, upande ambao upepo unaelekea.

"Miye niko hapa. Yeye atainamisha kichwa pale. Nimuite ya nini?"