Mzee Akifika Kisumu, Tuktuk Imshushe Wapi?

Kila Kisumu inapozungumzia msongamano, kuna hoja isiyokosa: bodaboda na tuktuk ziondolewe katikati ya jiji, watu watembee. Wanaoitetea wana mfano wa kuonyesha. Kuelekea mkutano wa Africities wa Mei 2022, njia za waenda kwa miguu zilipanuliwa na kutandikwa kabro, yaani matofali ya sakafu ya njia, kwenye barabara ya Oginga Odinga, na leo mtu anaweza kutembea pale bila kuruka mtaro wala kujipenyeza kati ya magari yaliyoegeshwa. Wanaoipinga husema tuktuk ndiyo miguu ya asiye na miguu. Pande zote mbili humsahau mtu ambaye uamuzi huo utamgusa kuliko wengine, yaani mzee aliyekuja jijini kwa siku moja au mbili.

Tukisikia mgeni mzee, tunamwaza mtalii wa ng'ambo mwenye kofia na kamera. Huyo yupo, na ziwa linamvuta kwa haki. Lakini wengi zaidi ni wetu. Ni dani, yaani bibi, aliyetoka Bondo kuja kliniki ya macho, babu wa Luanda ya Vihiga aliyeandikiwa kurudi kupimwa presha katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile ambayo watu bado wanaiita Russia, au mama wa Homa Bay aliyealikwa mahafali ya mjukuu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wengi wanaishi vijijini, na daktari bingwa, benki kubwa na ofisi za serikali ziko mjini. Hawaji kutalii, na hawana hiari ya kutokuja.

Wanaotaka miguu ipewe nafasi wana hoja nzito. Tishio kubwa kwa mzee barabarani si umbali, ni kuanguka. Kijana akijikwaa kwenye ukingo wa njia anajifuta vumbi na kuendelea. Mama wa miaka 75 akivunjika nyonga huenda asitembee tena peke yake, na kuna wasiopona kabisa. Kwa hiyo njia iliyonyooka, isiyo na shimo, yenye mteremko mwepesi kwenye makutano, ni kinga kwake. Na kinga hiyo huvunjwa kila siku na pikipiki inayopanda juu ya kabro kukwepa foleni. Inamjia kwa nyuma, masikio hayanasi vizuri tena, na honi ikilia ghafla anageuka kwa kasi ambayo magoti hayaiwezi. Anayetaka pikipiki hizo zitoke hapo anamtetea mzee, hata kama hakumfikiria.

Halafu kuna pesa. Kutembea hakulipiwi. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na zikichelewa hakuna wa kukopa kwa niaba yao. Mzee akishalipa nauli ya matatu kutoka kijijini, kila tuktuk anayopanda mjini inakula sehemu ya dawa au ya unga. Jiji ambalo huwezi kulivuka bila kulipa nauli tena na tena linambagua maskini, na mzee ndiye maskini wa kwanza kwenye foleni hiyo.

Lakini tembea njia hiyohiyo saa saba mchana. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na joto la Kisumu hukaribia nyuzi 30 mchana mwingi wa mwaka. Kabro inarudisha joto usoni. Kivuli ni cha kubahatisha, mahali pa kuketi ni pa kutafuta, na ukuta wa duka unaoweza kuegemea una bidhaa za mchuuzi, ambaye naye anatafuta riziki yake. Mzee hapimi safari kwa mita. Anauliza: nitakaa wapi kabla ya pale? Mita mia tatu zenye viti viwili anaziweza. Mita mia zisizo na kiti zinaweza kumshinda.

Na kuna jambo ambalo wazee hawalisemi mbele ya wakwe na wajukuu. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo. Wapo wazee wanaoziacha makusudi asubuhi ya safari, kwa sababu hawajui choo kiko wapi na wanaona aibu kuuliza. Wengine hukataa hata maji ya kunywa, kwenye joto hilo. Mtu anafika kliniki presha imepanda, daktari anamwongezea kipimo cha dawa, kumbe ugonjwa wa siku ile ulisababishwa na jiji lisilo na choo safi cha karibu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika mjadala huu, na silisikii likitajwa na upande wowote.

Sasa mtazame mzee huyo akipanda tuktuk. Anatanguliza mkongojo sakafuni. Anashika chuma cha pembeni, anageuza mgongo, anakaa, halafu anavuta mguu mmoja, kisha mwingine. Sakafu iko chini na haimlazimu kuinua goti mpaka kiunoni. Mjukuu anakaa kando yake na faili ya hospitali mapajani. Linganisha na matatu ya abiria 14: hatua ya kwanza ni ndefu, unainama, unapita kiti kinachokunjwa huku makanga akipiga bodi gari liondoke. Au linganisha na pikipiki, ambayo kina mama wengi hukalia upande, mkono mmoja ukishikilia leso na mwingine bega la dereva. Tuktuk ina kasoro zake, maana hurusha vibaya kwenye mashimo na madereva wengine hubeba abiria ubavuni mwao. Lakini kati ya vyombo vya bei nafuu tulivyonavyo, ndicho pekee kinachomchukua mzee mlangoni na kumshusha mlangoni.

Sheria nayo imemwacha mahali pa katikati. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia maeneo yote na usafiri wa umma ipasavyo. Kifungu cha 57, kinachohusu wazee, kinazungumzia heshima, matunzo na kushiriki katika mambo ya jamii, lakini usafiri hakiutaji. Mzee wa goti bovu hajioni mlemavu. Hana kadi, hana chama, na hataenda kudai ngazi ibadilishwe. Atajikaza, na asipoweza atabaki nyumbani. Kwa hiyo ni rahisi kwa mpangaji wa jiji kuamini kwamba hakuna aliyelalamika.

Nikiyaweka yote kwenye mizani, nasimama na wanaotaka tuktuk ibaki katikati ya jiji kwa sasa. Na kosa la kwanza la hoja ya kuziondoa ni kuzifunga tuktuk na bodaboda kwenye kamba moja. Pikipiki itolewe juu ya njia za miguu leo, bila kungoja mpango mwingine. Tuktuk ipewe sehemu fupi ya kusimama katika kila kipande cha barabara, nje ya kabro, ya kushusha na kupakia tu. Sehemu hiyo ikishageuka maegesho ya kutwa nzima, wanaolalamika watakuwa na haki.

Sisemi hivyo kwa sababu barabara ya kutembea tu ni wazo baya. Ni wazo zuri lililoanzia mwisho. Viti, vivuli na vyoo vikitangulia, mzee atashuka tuktuk mapema mwenyewe na kumalizia kwa miguu, tena atafurahia. Tunajua hivyo kwa kuangalia mahali ambapo tayari anatembea. Kwenye uwanja wa Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, wazee huzunguka polepole mpaka kwenye mfano wa boma la Kijaluo, wakiwasimulia wajukuu nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, ilijengwa upande gani, kwa sababu kuna miti na hakuna anayewaharakisha. Hifadhi ya swara karibu na ziwa ni vivyo hivyo. Wazee wetu hawachukii kutembea.

Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ina unafuu wa hewa, kwa kuwa iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na pale pengine mpangilio unaweza kuwa tofauti. Kisumu haina unafuu huo.

Kama kaunti itatafuta pa kuanzia, ningeanza na mwendo kati ya steji kuu na lango la hospitali ya rufaa. Kiti chenye paa kila baada ya mita mia hivi. Choo safi kila upande, chenye mtu wa kukitunza na mlango ambao kiti cha magurudumu kinapita, bure kwa aliyefika miaka 60. Tuktuk iruhusiwe kushusha mgonjwa mpaka mlango wa kliniki. Sehemu ya ada za maegesho zinazokusanywa katikati ya jiji itengwe kwa kazi hiyo, na hesabu yake itangazwe, ili mwenye tuktuk naye aone kwamba anacholipa kinamhudumia abiria wake.