Gillian Welch na David Rawlings: wawili waliokaa miaka yote kwenye jina moja

Mimi muziki wa country nimekua nao bila kuuchagua, mjomba alikuwa na kanda za Jim Reeves na Kenny Rogers na Jumapili zilikuwa zinalia kutwa nzima. Ila hawa wawili, waimbaji wa Marekani Gillian (mwanamke) na Rawlings (mwanaume), nimewafikia mwenyewe, ukubwani, na mpaka leo nikiwaweka sebuleni lazima mtu aulize kwani kuna msiba? Sawa, ni muziki mpole, mara nyingi magitaa mawili na sauti mbili basi, na kwenye albamu yao Time (The Revelator) ya 2001 kuna wimbo unakaribia dakika 15 na wala hauna haraka ya kufika.

Kinachoniudhi mimi ni jina. Revival ya 1996, Hell Among the Yearlings ya 1998, hiyo ya 2001, Soul Journey ya 2003, alafu wakakaa kimya miaka 8 mpaka The Harrow & the Harvest ya 2011, zote zimeandikwa Gillian Welch peke yake, wakati Rawlings yumo humo humo anatunga naye, anaimba sauti ya pili, na anapiga lile gitaa lake dogo la Epiphone la 1935. Na lile gitaa bana! Anagusa noti unaona kabisa hii kakosea, unasubiri, alafu inayofuata inaiweka ile ya kwanza sawa na unabaki unacheka mwenyewe. Gillian ameshasema kwamba hilo jina ni la bendi ya watu wawili, nimemuelewa, na jamaa mwenyewe haonekani kulalamika, tena alipokuja kutoa albamu kwa jina lake 2009 Gillian ndo akawa wa pembeni. Ila bado, mtu anayeokota wimbo njiani atajuaje?

Kuna lawama nyingine naisikia na hii siikubali hata kidogo, eti Gillian ni feki kwa sababu kakulia Los Angeles, wazazi wake walikuwa watu wa muziki wa televisheni, yeye na Rawlings wamekutana chuo cha muziki Boston, sasa milima na umaskini wa wakulima anaouimba anaujulia wapi. Jamani. Kwa hesabu hiyo taarabu aimbe mzaliwa wa Unguja tu. Na ule wimbo wa mtoto yatima, Orphan Girl, ambao mwimbaji wa country Emmylou Harris aliurekodi 1995 hata kabla Gillian hajatoa albamu, umetungwa na mtu aliyelelewa na wazazi wa kuasili, kwahiyo hapo feki iko wapi?

Nyimbo zao zina macho pia. Everything Is Free waliitoa 2001, watu ndo wameanza kuchota muziki bure mtandaoni, na wao wakaimba kuhusu msanii ambaye kazi yake haina bei tena. Leo msanii yeyote anayesubiri senti za striming akiusikiliza ataona kama katungiwa yeye.

Machi 2020 kimbunga kikapita Nashville kikang'oa paa la studio yao, Woodland, mvua inaingia, wakahangaika usiku kuokoa kanda na magitaa. Mwaka huo huo wakatoa All the Good Times, nyimbo za watu wamezirekodia nyumbani, na hapo ndo majina yote mawili yakakaa juu ya kava. Ikabeba Grammy ya folk, yaani muziki wa asili wa kwao. 2024 wakaja na albamu waliyoiita Woodland, majina mawili tena, Grammy tena. Miaka 28 tangu albamu ile ya kwanza!

Juzi juzi nilimuwekea mjomba ile ya 2001. Kasikiliza kimya, kahawa imepoa, akauliza tu, huyu wa gitaa nani? Nikamgeuzia simu asome. Jina moja, la mwanamke.