Mti wa Msituni Si Kigingi cha Farasi

Nimerudi Mwanza wiki mbili zilizopita kutoka kambi ya farasi katika msitu wa miteremko ya Mlima Meru, na kinachoninyima utulivu hadi leo ni mtarakwa mmoja uliosimama pembeni mwa uwanja wa mahema. Gome lake lilikuwa limechubuka kuuzunguka karibu mwili wote, kuanzia usawa wa kifua changu hadi juu ya kichwa, na upande wa mteremko mizizi ilikuwa imefukuliwa ikabaki wazi, imesuguliwa na kwato mpaka ikang'aa. Mtunza farasi alishuka, akamfunga farasi wa kwanza palepale, kamba ikakaa juu ya kidonda kilekile, kisha akawafunga wa pili na wa tatu kwenye miti ya jirani. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole, "Kaka, ndivyo tunavyofanya siku zote, na mti huu haujawahi kuanguka."

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatukukulia na farasi. Mbung'o walilitawala pori letu kwa karne nyingi, na nagana wanayoeneza humdhoofisha farasi hadi kumuua; ndiyo maana Speke, mvumbuzi Mwingereza, alipofika kwenye ziwa letu mwaka 1858, mizigo ya msafara wake ilikuwa mabegani na vichwani mwa wapagazi. Kwa hiyo nawaelewa wenzetu wanaotoka Mwanza siku za likizo, wakapanda farasi kwa mara ya kwanza kaskazini, na wasione kosa lolote mnyama anapofungwa kwenye shina. Hata hivyo, somo la miti tunalo kuliko wengi. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilisimamia ufyekaji mkubwa wa vichaka na miti Usukuma ili kuwaondoa mbung'o hao hao, na ardhi iliyoachwa wazi iliendelea kuchoka hadi mwaka 1986, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza na kuwarudisha wazee kwenye ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa ili uoto urudi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto katika miaka iliyofuata. Watu ambao wazazi wao walingoja miaka yote hiyo ili miti irudi hawapaswi kukaa kimya wanapoona mti mzima ukichunwa kwa sababu ya kamba ya usiku mmoja.

Farasi mzima ana uzito wa kilo 400 hadi 500, na kwa maumbile yake ni mnyama wa kula nyasi kidogokidogo kwa sehemu kubwa ya mchana na usiku. Ukimfunga kwa kamba fupi shinani, bila majani makavu mbele yake, hawezi kutulia. Ataparapara ardhi kwa kwato za mbele, na ardhi hiyo ndiyo iliyofunika mizizi midogo inayonyonya maji. Ataguguna gome kwa njaa au kwa uchovu wa kusimama bila shughuli. Atajisugua, atarudi nyuma, atazunguka shina, na kila anapovuta kichwa kamba inasaga ganda kidogo zaidi. Chini ya gome hilo ndimo inamopita njia ya chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini, na ikikatwa kuuzunguka mti wote, mizizi hufa njaa. Uchungu wa jambo hili ni kwamba madhara hayaonekani siku hiyo hiyo. Mti uliochunwa unaweza kuendelea kuwa na majani mabichi kwa muda mrefu, kwa hiyo mtunza farasi anaupita kila wiki, anauona umesimama, na anaamini kwa moyo safi kwamba haujadhurika. Wakata mkaa wanaijua siri hii vizuri sana, nao huchuna gome makusudi wanapotaka mti ukauke ukiwa umesimama.

Mvuvi yeyote wa Mwaloni, pale Kirumba, angeliona tatizo hili kabla ya kushuka kwenye tandiko. Anajua kwamba kamba inayochezacheza hukata, na ndiyo sababu huzungushia kipande cha mpira wa tairi pale kamba ya mtumbwi inapogusa jiwe. Dawa ya msituni imejengwa juu ya ujuzi huohuo. Huchaguliwa miti miwili mikubwa yenye afya, iliyosimama kwenye ardhi ngumu na kavu. Kila shina huvishwa mkanda mpana, usiopungua sentimita 5, ili mzigo usambae badala ya kuuma sehemu moja. Kisha kamba nene hukazwa kati ya mikanda hiyo, juu kuliko kichwa cha farasi. Hatamu za farasi hufungwa kwenye kamba hiyo ya juu, katikati, mbali na mashina yote mawili, zikiwa na urefu wa kumwezesha mnyama kushusha kichwa na kula lakini si kukanyaga kamba na kunasa mguu. Majani makavu huwekwa chini yake. Asubuhi kamba na mikanda hufunguliwa, udongo uliofukuliwa hurudishwa na kusawazishwa, na anayefika kesho yake haoni alama shinani. Katika misitu ya taifa ya Marekani, ambako watu wamepiga kambi na farasi milimani kwa vizazi kadhaa, kambi nyingi za aina hii zimewekewa mazizi au nguzo maalumu, na mti ulio hai hutumika pale tu ambapo hakuna kingine.

Nakubali, ingawa kwa shida, kwamba mtunza farasi alikuwa na hoja: usiku mmoja hauui mtarakwa. Usiku mmoja haukuua. Lakini uwanja wa mahema ni uleule, kivuli kizuri ni kilekile, na kila kundi linalopanda humkuta mnyama wake akipelekwa kwenye shina lilelile ambalo kundi lililotangulia liliachia jeraha.

Mengine yanahitaji maneno machache. Farasi anywe maji kwa ndoo, kwa kuwa anahitaji lita 20 hadi 45 kwa siku na kumshusha kijitoni kila saa kunabomoa kingo. Alale walau mita 60 kutoka kwenye maji. Samadi itawanywe mbali na mahema. Na majani anayopewa yasiwe na mbegu za magugu, kwa sababu mbegu hupita tumboni na kuota msituni.

Babu yangu, kule Misungwi, alikuwa na punda wawili wa kubebea maji. Nje ya nyumba ulikuwepo mkwaju wenye kivuli kuliko miti yote, na sikumbuki hata siku moja punda alipofungwa pale. Alikuwa akichukua nyundo, akakipigilia kigingi kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, umbali wa hatua hamsini na jua kali, ilhali mti uko mlangoni. Nikiwa mtoto nilidhani anajichosha bure. Nilimkumbuka nikiwa nimeweka kiganja juu ya ule mtarakwa, mahali ambapo utomvu ulikuwa umeganda.

Tutapanda tena Julai, kundi lilelile. Nimemwomba fundi wa maturubai hapa mjini anishonee mikanda minne kutokana na ile inayofungia mizigo ya malori, mipana kama kiganja, yenye pete ya chuma kila mwisho. Miwili ni ya kwetu. Miwili mingine nitamwachia yule mtunza farasi, na jioni ya kwanza nitamwomba tuifunge pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, mbali na ule mtarakwa.