Swala waliokolewa, Watonga "walihamishwa"

Mwongoza watalii wetu kwenye boti pale Ziwa Kariba, lililotokana na bwawa la umeme kwenye Mto Zambezi mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, alimaliza karibu nusu ya safari akisimulia Operesheni Nuhu. Maji ya bwawa yanapanda, vilima vinageuka visiwa, wanyama wamenaswa juu yake. Mhifadhi wanyamapori Rupert Fothergill na wenzake wanawakamata swala, wanawafunga miguu, wanawavusha. Kuanzia 1958 hadi 1964 wakaokoa zaidi ya 6,000. Abiria wakasikitika, wengine machozi yaliwalenga. Kisha akasema, "Na watu wa bondeni walihamishwa." Basi! Akafungua kreti ya soda.

Walihamishwa. Utadhani walipata uhamisho wa kikazi. Watonga wapatao 57,000, pande zote mbili za Zambezi, waling'olewa kwenye kingo walikokuwa wakivuna mara mbili kwa mwaka, maana mto ukishuka uliwaachia udongo mbichi wenye rutuba. Septemba 1958, watu wa Chifu Chipepo walikataa kuondoka kijijini Chisomo. Wakasimama na mikuki. Polisi wa kikoloni wakafyatua risasi, wakaua 8, na waliobaki wakapakiwa kwenye malori hadi Lusitu, kwenye ukame, makaburi ya wazee wao yakiachwa yafunikwe na maji. Nuhu ninayemjua mimi alipakia na watu safinani.

Haya, umeme. Ukuta wa bwawa una kimo cha mita 128 na sina ubavu wa kuubeza. Zambia na Zimbabwe zimeutegemea zaidi ya miaka sitini. Ila vijiji vingi vya Watonga vilikaa miongo kwenye koroboi huku nyaya zikipita juu ya paa kwenda mijini na migodini. Siku hizi ukame ukibana, hata huko mijini wanalala gizani.

Na ziwa ni zuri, nisiwe mchoyo. Miti iliyokufa bado imesimama majini, myeupe kwa kinyesi cha ndege, na jua likizama nyuma yake utapiga picha hadi simu izime. Kapenta wanaovuliwa humo, kwa taarifa yako, ni dagaa wetu wa Tanganyika, waliopandikizwa 1967 na 1968. Wahamiaji hao wamestawi kweli kweli.

Nyaminyami naye, mungu wa mto mwenye kichwa cha samaki na mwili wa nyoka, hakusahaulika: anachongwa kwenye fimbo na kuuzwa. Kumbe cha Mtonga kikiwa na bei kinakumbukwa.

Ukienda, pitia kwanza makumbusho ya Binga, au ya Choma upande wa Zambia. Huko Watonga wana zaidi ya sentensi moja.

Tulipokuwa tunashuka nilimuuliza yule kijana mbona hakutaja Chisomo. Akanijibu kwa adabu zote kwamba wageni hawapendi habari za huzuni. Hao hao waliowalilia swala!